Uzi: Picha ya barafu isiyo na tarehe, mahali wala kipimo ni nusu ya kazi. Tujadili upigaji picha na sayansi ya ncha za dunia

#1 JichoLaBarafu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona nilitoe. Kazi yangu ni kupiga picha za nje: milima, bahari, wanyama. Kwa misimu mitatu nimepanda meli kwenda Rasi ya Antaktika, na mara moja nimefika Svalbard, visiwa vya Norwe huko Aktiki. Nilipoanza niliamini kwamba mpiga picha atafute uzuri, mwanasayansi atafute namba, kila mtu na njia yake.

Siku moja tulikuwa kwenye boti ndogo na mtafiti wa barafu. Nikamwonyesha picha yangu bora ya siku ile, pande kubwa la barafu linaloelea, la buluu iliyokolea. Akaniuliza: Ilikuwa saa ngapi? Kamera ilielekea upande gani? Pande hilo lilisimama mita ngapi juu ya maji? Limekatika kutoka mto upi wa barafu, yaani barafu nene ya nchi kavu inayosogea taratibu? Sikuwa na jibu hata moja. Hakunikaripia, alirudi tu kwenye daftari lake. Picha ile ninayo mpaka leo, na haimwambii mtu chochote zaidi ya kwamba barafu huweza kuwa ya buluu.

Na hata huo ubuluu sikujua unatoka wapi. Theluji ni nyeupe kwa sababu imejaa hewa, na mwanga unagonga kingo nyingi ndogo na kutawanyika na rangi zake zote. Ikilemewa na theluji nyingine kwa miaka mingi inagandamizwa, viputo vya hewa vinaminywa na kutoweka, barafu inakuwa nzito. Hapo mwanga unasafiri mbali ndani yake, wekundu unafyonzwa njiani, buluu ndiyo inayotoka. Nilichokuwa nakiona kama pambo kilikuwa alama ya uzito uliokaa juu ya barafu ile miaka mingi. Mtu angeniambia mapema ningeipiga picha ile tofauti kabisa.

Tangu siku hiyo natembea na daftari.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa meli Endurance ya mpelelezi wa ncha Ernest Shackleton. Ilinaswa na barafu ya Bahari ya Weddell, huko Antaktika, mwaka 1915, ikazama Novemba mwaka huo. Mpiga picha wao, Frank Hurley, alikuwa na mamia ya picha kwenye sahani za vioo, mzigo usiobebeka kwa watu waliokuwa wakiokoa maisha yao juu ya barafu. Yeye na Shackleton wakakaa wakachagua zipatazo 120, na zilizobaki, kama 400, wakazivunja pale pale ili asije akabadili mawazo akazirudia. Hizo 120 ndizo zilizoifanya dunia iijue meli ile.

Lakini nani aliyeonyesha ilipo? Nahodha Frank Worsley alikuwa amepima na kuandika mahali ilipozamia. Tarehe 5 Machi 2022 meli ilipatikana kwenye kina cha mita 3,008, kama maili nne tu kusini mwa pale alipoandika Worsley. Zaidi ya miaka mia moja imepita, picha na daftari bado vinafanya kazi pamoja. Picha peke yake isingempeleka mtu yeyote pale chini, na namba peke yake sidhani kama ingemfanya mtu atamani kwenda.

Basi hoja yangu ni hii: picha ya maeneo ya ncha haijakamilika mpaka maelezo yake yakamilike. Maelezo ni sehemu ya picha yenyewe, si ya mhariri wala ya mtu wa mitandao ya kijamii. Karibuni tujadili.

#2 MwanafunziWaHewa

Asante mkuu kwa uzi, nimejifunza hilo la buluu.

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Nasoma sayansi ya mazingira, mwaka wa tatu. Ripoti zetu zina namba nzuri na hakuna anayezisoma. Yule dubu mweupe aliyekonda, ile video ya 2017, iliwafikia watu wengi kuliko ripoti zote nilizowahi kufungua. Watu walilia. Je, tungewabebesha tarehe, latitudo na mielekeo ya kamera, wangelia? Naona tunaweza kuua kitu kinachofanya kazi.

#3 JichoLaBarafu

Ndugu yangu, nashukuru umemtaja dubu yule, maana ndiye aliyenifanya niandike.

Video ile walipiga Paul Nicklen, Cristina Mittermeier na wenzao kwenye Kisiwa cha Somerset, Aktiki ya Kanada. Ilipochapishwa na National Geographic iliwekewa maneno yaliyosema kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Ikaenea dunia nzima. Kisha wakaja watu wenye swali halali: mmejuaje kwamba dubu huyu amekondeshwa na tabianchi? Huenda ni mzee, huenda ni mgonjwa, huenda ameumia. Hakuna aliyempima. Mwaka 2018 Mittermeier mwenyewe aliandika kwamba walipoteza udhibiti wa simulizi ile, na jarida likakiri kwamba maneno yale yalikwenda mbali kuliko ushahidi.

Namheshimu sana kwa kuliandika hilo. Lakini tazama kilichotokea: watu wasiotaka kusikia habari za Aktiki walipewa sababu ya kusema picha zote ni maigizo.

Na ukweli ulikuwepo, ungeweza kuandikwa chini ya picha ile ile. Dubu wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson, Kanada, huhesabiwa kwa ndege. Makadirio ya 2016 yalikuwa dubu 842, ya 2021 yakawa 618. Dubu hawa huwinda sili wakiwa juu ya barafu ya bahari, na barafu ikiwahi kuyeyuka siku za kuwinda zinapungua. Dubu mmoja hatoshi kuwa ushahidi wa tabianchi. Kundi zima likifuatiliwa miaka mingi linatosha. Ningeandika hivi: dubu huyu hatujui kwa nini amekonda, ila kundi moja linalohesabiwa kwa muda mrefu, huko Hudson, limepungua hivi. Msomaji angelia bado, na hakuna ambaye angekuja kumwambia amedanganywa.

#4 MamaRamani

Nimepita nikakuta uzi wa moyo wangu. Kazi yangu ni kusoma picha za setilaiti, kwa hiyo mniruhusu nirefushe.

Kwanza tuwekane sawa, maana makosa mengi ya maelezo yanaanzia hapa. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Antaktika ni nchi kavu iliyozungukwa na bahari. Dubu weupe wako kaskazini, pengwini wako kusini, hawajawahi kuonana, na anayewaweka kwenye bango moja ameshapoteza imani ya kila anayejua.

Pili, barafu si kitu kimoja. Kuna barafu ya bahari, yaani maji ya bahari yenyewe yaliyoganda juu, unene wake mara nyingi ni mita chache. Kuna ngao ya barafu iliyokalia nchi kavu, Greenland na Antaktika, iliyotokana na theluji, na ambayo unene wake unafika kilomita kadhaa. Na kuna barafu iliyotoka nchi kavu ikasukumwa mpaka inaelea baharini huku bado imeshikamana na ilikotoka. Barafu inayoelea ikiyeyuka haibadilishi kina cha bahari kwa kiasi cha kutaja, kwa sababu uzito wake ulishabebwa na maji. Ya nchi kavu ndiyo inayoongeza. Yote ya Greenland ikiyeyuka bahari ingepanda kama mita saba, ya Antaktika mita zaidi ya hamsini. Kwa hiyo ukipiga picha ya barafu ya bahari ukaandika chini yake habari za kupanda kwa bahari, umekosea hata kama kila neno ulilosikia ni la kweli mahali pengine.

Sasa mfano. Mnaikumbuka picha ya mbwa wa sleji wanaotembea juu ya maji ya samawati, milima nyuma yao, kama wanatembea juu ya bahari? Iliyopigwa kaskazini-magharibi mwa Greenland, tarehe 13 Juni 2019? Aliyeipiga ni mwanasayansi, Steffen Olsen wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark. Alikuwa na wawindaji wa Qaanaaq wakienda kuchukua vifaa vya kupimia bahari vilivyoachwa kwenye ghuba. Watu wengi waliiona wakadhani ngao ya barafu ya Greenland imegeuka ziwa. Haikuwa hivyo. Ile ni barafu ya bahari yenye unene wa zaidi ya mita moja, na juu yake kuna maji ya kuyeyuka yaliyokosa nyufa za kupitia. Barafu ilikuwa nzima mno kuyapitisha. Kuyeyuka kwa ghafla namna ile, mapema mwezi Juni, lilikuwa jambo lenye uzito, ila si jambo ambalo wengi walidhani wanaliona.

Na hapo wengi waliwasahau wawindaji. Ile barafu ni barabara yao, ndiyo inayowapeleka kuwinda na kuvua. Wao ndio waliojua pa kupitisha mbwa siku ile. Aktiki wanaishi watu wapatao milioni nne, na ukitazama picha nyingi za huko unaweza kudhani hakuna mtu. Kwangu hilo ni kosa la kisayansi, si la adabu tu, maana wao wanaitazama barafu kila siku na wazee wao waliitazama kabla yao. Ukiwapiga picha, omba ruhusa, andika jina kama wanataka, uliza wao wanaionaje barafu ya mwaka huu ukilinganisha na ya utoto wao. Jibu hilo liwe kwenye maelezo.

#5 MchunguziHuru

Heshima kwenu wote. Mimi nina mashaka ya kweli na naomba nijibiwe bila hasira.

Picha za "zamani na sasa" zinanisumbua. Nani anahakikisha kwamba ya kwanza haikupigwa mwisho wa baridi na ya pili katikati ya kiangazi? Halafu nimesoma kwamba mito ya barafu ya Greenland ilirudi nyuma pia miaka ya 1930, kabla ya moshi wote huu. Na ule mto maarufu wa Jakobshavn, ambao mpiga picha James Balog na wenzake walirekodi ukibomoka mwaka 2008, baadaye ulipunguza mwendo na hata kuongezeka unene. Mbona hayo hayaandikwi chini ya picha?

#6 MamaRamani

Ndugu MchunguziHuru, yote matatu uliyosema yana msingi. Yanapaswa kuandikwa, na wanaofanya kazi vizuri wanayaandika.

La msimu. Chukua mto wa barafu wa Muir, Alaska. Si ncha yenyewe, ila ndio mfano safi kuliko yote ninayoifahamu. William Field aliupiga picha tarehe 13 Agosti 1941. Bruce Molnia akaja akasimama pale pale tarehe 31 Agosti 2004. Mwezi ule ule. Katika picha ya kwanza barafu imejaza bonde, katika ya pili kuna maji na vilima vimeota kijani. Mto umerudi nyuma zaidi ya kilomita 12 na kupungua unene zaidi ya mita 800, hata hauonekani tena ndani ya fremu. Nguvu ya jozi ile iko kwenye neno "Agosti" kurudiwa mara mbili. Ukiona jozi isiyo na tarehe mbili, una haki ya kuikataa.

La miaka ya 1930. Wachora ramani wa Denmark walipiga picha kwa ndege kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Greenland wakati wa msafara wa Knud Rasmussen, 1932 na 1933. Zilikaa kwenye hifadhi miongo mingi bila kuguswa, kisha watafiti wakazitoa, wakazilinganisha na picha za kijeshi na za setilaiti, na mwaka 2012 wakachapisha habari za mito 132. Walikuta kweli kwamba wakati ule wa joto mito ilirudi nyuma, na ile inayoishia nchi kavu ilirudi kwa kasi kuliko sasa. Inayoishia baharini ndiyo inayorudi kwa kasi zaidi katika miaka ya karibuni. Maana yake barafu inaitikia joto, liwe limetoka wapi. Uliyesoma habari za 1930 ukaona zinapinga sayansi, nakuambia zilitoka kwenye sayansi hiyo hiyo, na zilitoka kwenye picha.

Jakobshavn nalo ni kweli. Karibu na 2012 ulikuwa ukitembea kama kilomita 17 kwa mwaka, kasi ya kutisha kwa barafu. Kuanzia 2016 maji ya bahari yanayoufikia yalipoa kwa miaka michache, mto ukapunguza mwendo na sehemu yake ya mbele ikanenepa. Ukilijua hilo unaelewa jambo kubwa zaidi, kwamba bahari inaila barafu kutoka chini, mahali ambapo kamera ya juu haioni. Greenland kwa jumla iliendelea kupoteza barafu miaka ile yote. Picha ya mto mmoja ni ya mto mmoja.

Na nikuongezee moja linalonifurahisha mpaka leo. Taasisi ya Ncha ya Norwe ilipiga Svalbard kwa ndege mwaka 1936 na 1938, kamera ikielekezwa pembeni, si chini, picha zaidi ya 5,000. Watu wale walikuwa wanachora ramani tu. Mwaka 2022 kikundi cha watafiti kilizilisha kwenye programu ya kompyuta inayounganisha picha zinazopishana na kujenga umbo la ardhi, wakapata unene wa mito ya barafu 1,594 jinsi ilivyokuwa miaka ya thelathini. Hakuna kati ya waliokuwa kwenye ndege ile aliyewaza kompyuta. Waliandika tu mahali na tarehe, na picha zao zilipishana vizuri.

#7 MchunguziHuru

Nimekuelewa dada, na nashukuru kwa kujibu jambo kwa jambo. Hiyo ya Svalbard nitaitafuta leo usiku.

#8 LenziPana

Mimi si mtu wa nadharia, nitachangia ya mkononi. Nimefanya kazi Aktiki kama msaidizi wa watafiti, wa kubeba na kutunza kamera.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni theluji ya kijivu. Kipima mwanga cha kamera kimeundwa kikidhani kwamba chochote kilicho mbele yake kina ung'avu wa wastani. Kikiona weupe uliojaa fremu nzima kinafikiri mwanga umezidi, kinaupunguza, na theluji inatoka kama saruji. Ongeza mwanga hatua moja hadi mbili kwa mkono wako, kisha kagua grafu ya mwanga kuhakikisha weupe haujaungua.

Hapa ndipo sayansi ilipoanza kuniingia. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Bahari iliyo wazi inarudisha kama asilimia 6, iliyobaki inaimeza kama joto. Kinachoichanganya kamera yangu ndicho kinachoipoza dunia. Barafu ikiondoka, maji meusi yanabaki, yanameza joto, barafu nyingine inaondoka. Tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia, na mzunguko huu ni moja ya sababu. Sasa nikipiga picha mpaka wa barafu na maji, nahakikisha fremu moja ina weupe na weusi kwa mwanga ule ule. Mtu anaona tofauti kwa macho yake kabla hujamwambia neno albedo, yaani kiasi cha mwanga kinachorudishwa.

Rangi usiziguse ovyo. Najua buluu ikikolezwa inavutia. Lakini kuna wanaosoma rangi. Theluji ya waridi ni mwani wenye uhai, barafu iliyoingia weusi ni vumbi, masizi na viumbe vidogo, na vyote hivyo vinaifanya imeze jua zaidi. Ukikoleza buluu umefuta ushahidi. Hifadhi faili ghafi bila kuligusa, na nakala ya kupendeza iwe pembeni.

Baridi inanyonya betri. Weka za akiba ndani ya koti, karibu na mwili, uzizungushe. Ukirudi ndani usiingie na kamera mkononi. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje, iache ipate joto taratibu humo, ili unyevu utue juu ya mfuko na si ndani ya lenzi. Niliwahi kupoteza lenzi kwa haraka ya dakika mbili. Hiyo ilikuwa lenzi ya kazi, na siku tatu zilizofuata watafiti hawakupata picha.

Saa ya kamera iweke kwenye UTC, saa ya pamoja ya dunia, uilinganishe na GPS kila asubuhi. Kwa kamera ya kudumu inayopiga kwa vipindi, lazima fremu iwe na mwamba usiosogea. Upepo unaitikisa kamera, na bila mwamba hutajua kilichotembea ni barafu au ni stendi yako. Ukiwa na mwamba unaweza kufuata ufa mmoja kutoka picha hadi picha na kupata mwendo wa mto kwa siku.

La mwisho: ukifika Ny-Ålesund, Svalbard, zima waifai na bluetooth za vifaa vyote, kamera pia. Kuna darubini ya redio pale, na mtandao usiotumia waya hauruhusiwi ndani ya kilomita 20.

#9 JichoLaBarafu

LenziPana, mkuu, hilo la weupe na weusi katika fremu moja nalichukua.

Niongezee kuhusu ukubwa. Barafu haina kipimo ndani yake. Hakuna mti, hakuna nyumba, na mita tano na mita hamsini zinafanana. Nasubiri boti ipite kwa mbali, au ndege wa aina ninayoijua urefu wa mabawa yake. Kamwe simwombi mtu asogelee pande la barafu ili awe kipimo. Sehemu kubwa iko chini ya maji na linaweza kupinduka bila onyo.

Na umbali kwa wanyama. Antaktika kanuni za wageni zinataka mita tano kutoka kwa pengwini, na wakija wenyewe unasimama, unasubiri wapite. Kampuni za utalii zilizo kwenye umoja wao haziteremshi zaidi ya watu 100 ufukweni kwa wakati mmoja, na droni za burudani pwani haziruhusiwi. Svalbard, tangu 1 Januari 2025, ni mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia Machi 1 hadi Juni 30 ni mita 500. Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi naona dubu aliye mdogo ndani ya mandhari kubwa anasema ukweli zaidi kuliko uso wake uliojaza fremu, kwa sababu unaona anachokanyaga. Dubu anayekutazama, masikio mbele, ameshaacha alichokuwa anafanya kwa ajili yako. Umbali huo nao uandike. Msomaji ana haki ya kujua kama mnyama alijua upo.

#10 MwalimuFizikia

Habari zenu. Nafundisha sekondari. Nimesoma yote, nikabaki na huzuni ndogo, kwa sababu sitafika huko, wala wanafunzi wangu. Je, uzi huu una kazi kwa mtu ambaye hatasimama juu ya barafu maisha yake yote?

#11 MamaRamani

Mwalimu, shikamoo. Una kazi nyingi kuliko unavyodhani.

Mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga Antaktika. Picha za setilaiti za Landsat za Marekani ni bure kwa mtu yeyote tangu 2008, na za Sentinel-2 za Ulaya vilevile. Makundi ya pengwini-kaisari yanapatikana kwa namna hiyo: ndege mmoja haonekani kutoka angani, ila kinyesi cha kundi kinaacha doa la kahawia juu ya barafu nyeupe, na doa linaonekana. Mwishoni mwa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, madoa yalionyesha makundi yalipo, kisha barafu ikavunjika mapema kabla vifaranga hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Makundi manne kati ya matano yaliyokuwa yakifuatiliwa hayakufanikiwa kukuza vifaranga. Hakuna kamera iliyokuwepo pale chini. Sijawahi kuona doa la kahawia likiniumiza kama lile.

Kwa wanafunzi wako kuna mradi wa Penguin Watch, ambapo mtu yeyote anahesabu pengwini kwenye picha za kamera zilizoachwa Antaktika. Na kuna Happywhale, wanaotambua nyangumi mmoja mmoja kwa alama za chini ya mkia, nyingi zikiwa picha za watalii. Zoezi lingine: wape picha mbili za setilaiti za mahali pamoja, waandike maelezo. Usiwape namba, wazitafute wao.

#12 MwanafunziWaHewa

Wakuu, nimekaa kimya siku mbili, nikafanya zoezi la Mama Ramani mimi mwenyewe. Nilichagua Larsen B. Maelezo yangu ya mwanzo, nakiri, yalikuwa "Antaktika inavunjika mbele ya macho yetu." Nimeyafuta. Haya ndiyo mapya, naomba mnisahihishe:

"Barafu inayoelea ya Larsen B, mashariki mwa Rasi ya Antaktika. Kushoto: 31 Januari 2002. Kulia: 7 Machi 2002. Zote zimepigwa na setilaiti Terra ya NASA, kiangazi cha kusini. Mistari ya buluu iliyokolea kushoto ni mabwawa ya maji ya kuyeyuka, na wanasayansi wanaamini maji hayo yalipenya kwenye nyufa na kuzipanua. Kulia, kilomita za mraba zipatazo 3,250, zenye unene wa mita 200 hivi, zimegeuka vipande. Barafu hii ilikuwa tayari inaelea, kwa hiyo kuvunjika kwake hakukuongeza kina cha bahari. Ilikuwa imeizuia mito ya barafu iliyo nyuma yake, na mito hiyo iliongeza mwendo baada ya kizuizi kuondoka. Barafu ya mito hiyo inatoka nchi kavu."

Ni marefu, najua. Lakini nilimsomea dada yangu, ambaye hajali habari hizi, na alipofika kwenye mito iliyozuiwa alinisimamisha akauliza, "Sasa iko wapi leo?"

#13 MamaRamani

Usikate hata sentensi moja. Weka mshale wa kaskazini na mstari wa kilomita 50 kwenye kona, ili mtu apime mwenyewe kwa rula. Na dada yako mtafutie picha ya mwaka huu, ya mwezi Machi, ukubwa ule ule, uiweke ya tatu.